Ujumbe Wako Umetumwa

Mwaka jana, katikati ya Septemba, niliitwa Bagamoyo kuamua ugomvi usionihusu. Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita, si mbali na ufuko. Wagomvi walikuwa wawili. Wa kwanza ni kijana aliyemtengenezea tovuti, nitamwita Fundi. Wa pili ni bwana wa makamo anayesimamia seva katika kampuni moja ya hostingi jijini Dar es Salaam, nitamwita Msimamizi. Majina yao nayaweka mfukoni, maana wote wawili bado wanatafuta wateja katika mji uleule. Mama ndiye aliyepata hasara, na nadhani hilo linatosha kumtambulisha.

Tovuti yake ina fomu ya kuulizia vyumba. Mgeni anajaza jina, barua pepe na tarehe, anabonyeza, kisha ukurasa unamjibu kwa maandishi ya kijani: "Asante! Ujumbe wako umetumwa." Msimu mzima, kuanzia Juni hadi Agosti, maandishi yale yaliwashukuru watu, na Mama akakaa barazani akidhani biashara imelala. Alishtuka siku mwanamke mmoja wa Kiitaliano alipompigia simu kumwambia kwamba amemwandikia mara tatu, na kama hawataki wageni wangesema tu. Wiki hiyohiyo ikatoka habari kwamba kampuni ya hostingi imefunga amri ya mail kwenye seva zake zote. Fundi akaunganisha mambo mawili, akampigia simu Msimamizi, wakakubaliana waje kwa mwenye mali waongee mbele yake.

FUNDI: Shikamoo kaka, halafu nikulaumu.

MSIMAMIZI: Marahaba. Laumu.

FUNDI: Mmetufungia mail. Ni mstari mmoja tu ule. Unaandika anayepelekewa, kichwa cha barua, maneno yenyewe, barua imeondoka. Kijana anajifunza wiki ya kwanza ya lugha ya PHP. Sasa mnataka nirudi kwenye tovuti ishirini, kila moja niifungulie kikasha, niiwekee nywila, niifundishe kuongea SMTP kupitia poti 587. Nani atanilipa kazi hiyo? Mama analipa hostingi mara moja kwa mwaka, na mimi ananilipa akikumbuka.

MAMA: Nakumbuka sana. Nasubiri wageni.

MSIMAMIZI: Notisi tulituma mwezi mzima kabla.

FUNDI: Niliikuta kwenye spamu.

Tulicheka wote, hata Msimamizi mwenyewe, ingawa yeye alicheka kama mtu anayelipa deni.

MSIMAMIZI: Sikia, mdogo wangu. Ulipokuwa sekondari, barua zenu zilikuja kwa sanduku gani?

FUNDI: S.L.P. ya shule.

MSIMAMIZI: Moja kwa shule nzima. Na seva yangu ni hivyohivyo. Ina akaunti mia kadhaa, na zote zinatoka nje kwa anwani moja ya IP. Sasa mmoja wenu ana WordPress yenye programu-jalizi ambayo hajaisasisha miaka mitatu. Mwizi anapenya, anaweka kifaili kidogo cha PHP, anaita hiyo mail yako ya mstari mmoja usiku kucha. Kunapokucha, maelfu ya barua za dawa bandia zimeondoka kwa jina la sanduku letu. Spamhaus, hawa walioanza kazi London mwaka 1998, wanaiingiza anwani yetu kwenye orodha yao, na seva nyingi duniani huiangalia orodha hiyo kabla ya kufungua mlango. Barua ya Mama inafika mlangoni, inaambiwa rudi ulikotoka.

MAMA: Kwa hiyo mimi nafungwa kwa kosa la jirani nisiyemjua?

MSIMAMIZI: Ndiyo, mama. Ndiyo maana nimebadilisha kufuli.

FUNDI: Lakini jirani mnamjua! Tangu PHP 5.3, mwaka 2009, kuna mpangilio wa kuandika kwenye kila barua jina la skripti iliyoituma, na mwingine wa kuweka yote kwenye logi. Mnaweza kuweka kikomo cha barua kwa saa. Kama mnajua mwizi aliingia kupitia chumba gani, kwa nini mnafunga nyumba nzima?

MSIMAMIZI: Tunajua asubuhi. Barua zimeondoka usiku.

Niwaache wagombane kidogo, nimweleze msomaji asiye mtu wa kompyuta amri ya mail inafanya nini hasa, kwa sababu ugomvi wote umelala hapo. Jina lake linadanganya. Haipeleki barua popote. Inachofanya ni kuikabidhi kwa programu nyingine iliyo kwenye seva ileile, ambayo kwa desturi huitwa sendmail. Sendmail ya asili iliandikwa na Eric Allman kule Berkeley, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi kwenye seva nyingi za hostingi anayeitikia jina hilo ni Exim, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995. Programu hiyo ikishaichukua barua na kuitia kwenye foleni, skripti inajibiwa "kweli", na kutokana na "kweli" hiyo ukurasa unaandika kwa kijani kwamba ujumbe umetumwa. Mwongozo wa PHP wenyewe unaonya kwamba barua kupokelewa kwa ajili ya kusafirishwa si sawa na barua kufika.

Aliyewahi kutuma mzigo kwa basi anaelewa. Unampa kondakta bahasha pale stendi ya Mbezi, anaitupa chini ya kiti, anasema poa. Ile "poa" ni ya kondakta. Aliyeko Songea bado hajasema kitu.

Na kondakta huyu, tangu enzi, haulizi bahasha ni ya nani. Jon Postel alipoandika kanuni za SMTP, lugha ambayo seva hupelekeana barua, mwaka 1982, waliotumia mtandao walikuwa watafiti na vyuo, watu waliojuana. Mtumaji anataja jina analotaka, mpokeaji anaamini. Uungwana ule uliendelea hadi kwenye tovuti. Mwaka 1995 kijana wa Kimarekani, Matt Wright, aligawa bure skripti ya Perl iitwayo FormMail, na maelfu ya tovuti zikaiweka. Anwani ya mpokeaji ilikuwa imefichwa ndani ya fomu yenyewe, kwenye ukurasa ambao mgeni yeyote angeweza kuubadilisha kabla ya kuutuma. Wauza takataka hawakuhitaji kuvunja kitu. Waliandika anwani walizotaka, na seva ya watu ikawabebea mizigo. Baadaye wakagundua mchezo mwingine: katika kisanduku cha jina au kichwa cha barua unaingiza alama ya kuvunja mstari, na chini yake unaongeza mstari wako wa nakala za siri wenye anwani mia. Skripti isiyochuja inabeba yote. Kila nikimsikia mtu anasema fomu ya mawasiliano ni kitu kidogo, nakumbuka hayo.

Niliporudi kwenye mjadala, Fundi alikuwa amepata kisu kipya.

FUNDI: Kaka, unatuambia tutumie maktaba kama PHPMailer. Si ndiyo hiyohiyo iliyokutwa na tundu Desemba 2016? Mtu angeweza kuendesha amri zake kwenye seva kupitia anwani ya mtumaji tu.

MSIMAMIZI: Ni kweli. Na tundu lilikuwa wapi?

FUNDI: Kwenye PHPMailer.

MSIMAMIZI: Kwenye njia ya PHPMailer inayopita kwa mail. Ile sehemu ya tano ya amri, inayopeleka maelekezo kwa sendmail. Anwani ya mtumaji haikuchujwa vizuri, ikageuka kuwa maelekezo. Waliokuwa wanatuma kwa SMTP, wakiingia kwa jina na nywila, tundu lile halikuwagusa. Umejifunga goli mwenyewe, halafu ukanipa mimi.

FUNDI: Sawa, chukua. Lakini nijibu hili. Nikitumia SMTP, nywila ya kikasha inakaa kwenye faili ya mipangilio, maandishi matupu. Zamani mwizi akiingia alipata uwezo wa kutuma. Sasa anapata na uwezo wa kusoma. Barua zote za Mama, pasi za wageni walizotuma, namba za simu, vyote viko kwenye kikasha hichohicho. Mmefunga dirisha mkaacha ufunguo wa sanduku la fedha mezani.

Hapo, nakiri, Fundi alinigusa. Hoja hii huisikii kwenye matangazo ya makampuni, na ni hoja ya kweli. Msimamizi naye hakuikwepa. Alisema skripti isipewe kamwe nywila ya kikasha anachosoma binadamu. Ifunguliwe kikasha chake cha kutumia tu, kisicho na kitu ndani, na ikitokea balaa kinafungwa hicho kimoja huku wengine wakiendelea. Akaongeza kwamba huduma za kupeleka barua kama Amazon SES na Mailgun zinatoa funguo zinazoweza kutuma na zisiweze kusoma chochote. Fundi akamuuliza nani atalipa bili ya dola. Akamuuliza pia kama wenye tovuti zile ishirini wameelezwa habari ya kikasha cha pembeni, au wameambiwa tu "tumieni SMTP". Msimamizi akanywa chai.

MAMA: Wanangu, mnasema vizuri, lakini hakuna aliyenijibu. Hiyo mail mmeifunga wiki iliyopita. Barua zangu zimepotea tangu Juni. Nani kazila?

Hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo. Wagomvi wawili walikuja na majibu ya swali la Septemba, na mwenye mali alikuwa anauliza la Juni. Msimamizi akafungua kompyuta yake, akatafuta kwenye logi za Exim jina la kikoa cha Mama. Tulisikia mawimbi kwa muda.

MSIMAMIZI: Hii hapa. Mgeni ana anwani ya Yahoo. Fomu imeandika barua kwenda Gmail ya Mama. Gmail imeikataa mlangoni. Na mstari wa "Kutoka" unasema... mdogo wangu, umeandika anwani ya mgeni mwenyewe?

FUNDI: Ili Mama akibonyeza "Jibu", jibu liende kwa mgeni.

MSIMAMIZI: Kwa hiyo seva yangu iliyoko Dar imejitangaza kuwa Yahoo.

Nieleze jambo hili kwa kituo, kwa sababu ndilo linaloangusha fomu nyingi kuliko wezi wote. Mtu akihamia mtaa mpya, serikali ya mtaa inataka barua ya utambulisho. Wanaangalia mambo matatu: aliyeileta anatambuliwa na kule alikotoka, muhuri ni wa ofisi kweli, na jina la kwenye barua ni lake. Barua pepe nayo imepata mihuri yake, kwa kuchelewa. SPF ni orodha ambayo mwenye kikoa anaibandika kwenye DNS, daftari la majina ya mtandao, kusema seva hizi ndizo zinaruhusiwa kutuma kwa niaba yangu. DKIM ni sahihi ya kihisabati inayowekwa kwenye kila barua, na mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo uliotangazwa hadharani katika DNS hiyohiyo. DMARC inaunganisha hayo mawili na jina ambalo msomaji analiona kwenye mstari wa "Kutoka", kisha inatoa agizo: lisipolingana, fanya hivi. Agizo linaweza kuwa pokea tu, tia kwenye spamu, au kataa.

Aprili 2014 Yahoo walichagua "kataa". AOL wakawafuata mwezi uleule. Tangu siku hiyo, barua yoyote inayodai kutoka yahoo.com bila kupita kwa Yahoo hukataliwa na kila mpokeaji anayeheshimu agizo, na Gmail wanaliheshimu. Seva ya Dar haimo kwenye orodha ya Yahoo wala haina sahihi yake. Ilikuwa sawa na mjumbe wa Bagamoyo kugonga muhuri wa Songea. Wageni wenye anwani za Gmail walipata bahati nusunusu: agizo la gmail.com halikuwa la kukataa, hivyo barua zao zilipita mlango na kuishia kwenye spamu ya Mama, ambako yeye hakuwa na desturi ya kuchungulia.

Dawa yake ni ya dakika mbili. Mstari wa "Kutoka" ubebe anwani ya kikoa cha Mama mwenyewe, na anwani ya mgeni iende kwenye mstari wa "Jibu kwa". Mama akibonyeza "Jibu", inakwenda kwa mgeni vilevile. Fundi aliirekebisha palepale, masikio yake yakiwa mekundu kwa aibu au kwa jua la saa tisa, sikuweza kujua. Alipokuwa anaandika akakiri kwamba kuna mteja mwingine ambaye yeye alimwekea rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja, akidhani mbili ni bora kuliko moja. Kanuni inasema iwe moja. Zikiwa mbili mpokeaji anahesabu ni kosa na hasomi hata moja.

MSIMAMIZI: Umeona sasa? Ungekuwa umeingia kwa SMTP, seva yangu isingekuruhusu kuvaa jina la Yahoo. Ingekukatalia hapohapo. Na tangu Februari 2024 Google wanataka kila anayewatumia barua awe na SPF au DKIM, na wanaozidisha barua 5,000 kwa siku wawe na zote mbili pamoja na DMARC. Dunia imeshahama.

FUNDI: Mama hatumi hata barua tano kwa siku.

MSIMAMIZI: Sharti la SPF au DKIM ni la wote, hata wa barua moja.

FUNDI: Haya, kosa la jina ni langu, nimelibeba. Sasa beba la kwako. Gmail walipoikataa, hawakunyamaza. Walisema kwa nini. Jibu lao lilikwenda wapi?

Kimya. Halafu Msimamizi akasema polepole kwamba barua inayoondoka kwa mail, kama skripti haikusema vingine, juu ya bahasha inabeba jina la mtumiaji wa akaunti kwenye seva. Barua ikirudi, inarudi kwa jina hilo, ndani ya kikasha cha msingi ambacho kila akaunti huzaliwa nacho.

FUNDI: Na nani anakisoma?

MSIMAMIZI: Hakuna anayekisoma.

FUNDI: Umemwonyesha Mama kwamba kipo?

MSIMAMIZI: Kipo kwenye paneli.

FUNDI: Umemwonyesha?

Hadi hapo nilikuwa upande wa Msimamizi, na kwa swali la kufunga mail bado niko upande wake: mlango usiouliza jina hauwezi kubaki wazi katika nyumba ya wapangaji mia kadhaa. Kuwaambia wateja wadogo wahamie seva za kukodi nako hakusaidii. Google, kwa mfano, kwenye mashine zao za kukodi kwa kawaida hufunga poti 25 ya kutokea nje. Lakini kubadilisha njia ya kutuma hakumponyi Mama. SMTP nayo ikijibu 250, maana yake ni kwamba seva inayofuata imepokea, si kwamba binadamu amesoma. Na skripti inayopuuza jibu la kosa italipuuza kwa SMTP kama ilivyolipuuza kwa mail. Nimeona fomu kadhaa ambazo sentensi ya shukrani imeandikwa nje ya sharti, inachapishwa hata seva ikiwa imezimwa. Kilichomla Mama ni sentensi ile ya kijani. Ilimpa mgeni uhakika ambao hakuna mashine yoyote kati yake na Mama iliyokuwa nao.

MAMA: Ndiyo maana mimi napenda WhatsApp. Tiki moja, imetoka. Tiki mbili, imefika. Zikiwa buluu, kasoma na ananinyamazia makusudi.

FUNDI: Weka kitufe cha WhatsApp, mama, sikatai. Ila yule anayetaka ankara ya kampuni yake, au anayeandikia vyumba vitano kwa mpigo, ataandika barua pepe.

Walikubaliana mambo machache, bila kupeana mikono. Fomu kwanza ihifadhi maneno ya mgeni kwenye hifadhidata ya tovuti, ndipo ijaribu kutuma. Barua ikipotea, maneno yapo. Kwa kuwa hizo ni taarifa za watu, zifutwe baada ya msimu. Jina la juu ya bahasha liwe la kikasha ambacho Fundi anakifungua kweli. DKIM iwashwe, kazi ya kubonyeza mara mbili kwenye paneli ambayo Msimamizi aliifanya palepale bila kuombwa. Kuhusu nani angepaswa kuiwasha tangu mwanzo, waliendelea kubishana hadi vikombe vikapoa.

Sentensi ya kijani ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko yote. Fundi alitaka "Ujumbe umepokelewa." Mama akasema nani kaupokea, mimi sijaupokea. Msimamizi akapendekeza maneno marefu ya kisheria. Mwishoni Mama mwenyewe akatunga: "Maneno yako tumeyaandika. Usipojibiwa kufikia kesho jioni, piga simu hii." Na namba chini yake.

Jua lilipoanza kushuka Msimamizi akakifungua kile kikasha cha msingi. Kilikuwa kimejaa. Barua moja baada ya nyingine kutoka kwa Exim, kila moja ikianza na maelezo ya Kiingereza kwamba imeshindwa kufikisha, kisha jibu la Gmail, na chini kabisa, yakiwa mazima, maneno ya mgeni. Mama akavaa miwani. Fundi akawa anamsomea kwa Kiswahili. Wawili wa fungate, Julai. Mwalimu na wanafunzi kumi na wawili, wanauliza kama kuna mahali pa kupikia. Tukafika kwa yule Mwitaliano, barua zake zote tatu, ya pili ikiwa na upole kuliko ya kwanza na ya tatu ikiwa haina kabisa: watu wanne, watoto wawili, tarehe 9 hadi 14 Agosti, je, vyumba vina vyandarua?

Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Mjibu, mwanangu," akamwambia Fundi. "Mwambie vyandarua vipo."